Jagi Nililompokonya Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza alijifunza kupika chai kwa muda wa miezi minne. Wapo watakaocheka, na wacheke. Mimi nilijifunza kwa siku moja nikiwa na miaka saba, kwa kofi la mama, na mpaka leo chai yangu haifikii ya binti yangu.

Alikuwa na miaka kumi na minane, na miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati. Tulikaa katika nyumba za baraza la jiji huku Eastlands, Nairobi, vyumba viwili na jikoni yenye moshi, kwa sababu mume wangu alikuwa karani wa baraza. Sote wawili tulitoka magharibi, watu wa kanisa, watu wasiopenda kusemwa. Binti yetu alichelewa kulia alipozaliwa, akachelewa kukaa, akachelewa kutembea, na shuleni akachelewa hadi mwalimu akatuomba tumpumzishe. Hilo ndilo neno alilotumia. Basi akapumzika miaka saba kwenye kigoda jikoni mwangu, akinitazama nikipika, nikifua, nikigombana na bomba la maji, nami nikiamini kwamba ninamtunza.

Aliyenizindua alikuwa Nesi. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene kutoka kando ya ziwa, mwenye sauti ya kuamrisha hata alipokuwa akiomba chumvi. Alipita mlango hadi mlango akiuliza swali moja tu, "Humu ndani mnaficha nani?" Kuna waliomfukuza. Mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo nilimfokea kwamba sifichi mtu, huyo hapo amekaa. Akamtazama binti yangu, kisha akanitazama mimi.

"Amekaa tangu lini?" akauliza.

Jumatatu iliyofuata nilimvalisha binti yangu viatu tukamfuata Nesi.

Kanisa lilikuwa limempa Nesi chumba cha nyuma, kile cha kuwekea ngoma na viti vilivyovunjika. Hapo ndipo tulipokutana akina mama tisa na watoto wetu, wengine watoto kweli, wengine watu wazima wenye ndevu, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hatukuwa na mfadhili. Kila mmoja alikuja na alicho nacho, huyu unga, yule makaa, mwingine majani ya chai kwenye kikaratasi. Wanawake wa kanisa walitushonea aproni kutokana na mapazia ya zamani, na mwenye bucha alituwekea mifupa ya supu kila Ijumaa bila kukumbushwa. Mama mmoja muuza samaki alikuja kwa miguu kutoka Mathare, mwanawe wa miaka kumi na mmoja mgongoni, ndoo ya samaki mkononi, na hakuchelewa hata siku moja. Leo nikisikia mtu akisema hana nafasi ya kusaidia, humkumbuka huyo mama nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kawaida yangu.

Nesi alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Alisema kazi nzima huwatisha vijana wetu, kwa hiyo ikatwe vipande, na kila kipande kifundishwe peke yake hadi mkono ukizoee. Ndani ya sufuria alichora mistari miwili kwa msumari, wa chini alama ya maji, wa juu alama ya maziwa. Kuwasha stovu ya mafuta taa kulikuwa na vipande vitano. Chai nzima, pamoja na kumnawisha mgeni mikono kwa jagi na karai kama ilivyo desturi yetu watu wa magharibi, ilikuwa na vipande ishirini na kimoja. Binti yangu alivijua vyote baada ya miezi minne. Tatizo lake lilikuwa moja. Baina ya kipande na kipande alisimama. Alisimama kabisa, macho yameganda, kijiko hewani, na mtu asiyemjua angeapa kwamba amesahau kila kitu.

"Akisimama msimguse," Nesi alituonya. "Hajasahau. Anatafuta kipande kinachofuata."

Tuliitikia. Kuitikia ni rahisi.

Mwaka huo ndipo mambo yalipozidi uzito. Jioni moja mwanamume tusiyemfahamu alimfuata binti yangu kutoka dukani hadi mlangoni petu, na ingawa nilimfukuza kwa mwiko wa ugali na hakurudi tena, mume wangu alikosa usingizi wiki nzima. Aliogopa, wala simlaumu, baba yeyote angeogopa. Mama mkwe alipopata habari huko kijijini alituma ujumbe kwamba mjukuu wake aletwe nyumbani, mjini ataharibiwa. Mume wangu aliona hilo ni neno la busara.

Mimi nililijua boma la mama mkwe. Alikuwapo binamu yake mume wangu, mtu wa zaidi ya miaka thelathini, mwenye akili nzito kama binti yetu. Hakuna aliyempiga. Alikula akashiba. Lakini wageni walipobisha hodi aliongozwa nyuma ya jiko na kukaa huko hadi waondoke, na katika miaka yote niliyokwenda pale kwa Krismasi sikumsikia mtu akimwambia neno zaidi ya "kula" na "toka hapo." Sikumzaa mwanangu aje anenepe nyuma ya jiko la watu.

Tulibishana siku nyingi, kwa sauti za chini kwa sababu ya majirani, mpaka Nesi alipotuletea habari. Kulikuwa na shirika la hisani mjini lenye karakana ya vijana kama wetu. Wasichana wao walipika chai na chakula cha mchana kwa wafanyakazi, wakalipwa, wakarudi makwao jioni. Lakini walichukua tu walioweza kufanya kazi bila kushikwa mkono, na mama mmoja wa shirika angekuja chumbani kwetu kuwatazama vijana.

Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho. "Wakimchukua, atabaki," akasema. "Wasipomchukua, tukienda nyumbani Desemba, tutamwacha huko."

Nikakubali. Ulikuwa mwezi wa Agosti, na nilimwamini binti yangu, au nilidhani namwamini.

Sasa ngoja niseme tulivyoharibu. Kwetu sisi mgeni ni mgeni. Hata kama amekuja kukukamata, kwanza atakula. Habari kwamba mama wa shirika anakuja ilipofika, hakuna aliyesema tuwaandae vijana. Tulisema tuandae kuku. Wanne walichinjwa. Chumba kilipigwa deki mara mbili, ngoma zikafunikwa kwa vitambaa vya kufuma, na watoto wetu tuliwasugua na kuwapaka mafuta, tukawavalisha nguo za Pasaka na kuwaketisha kwenye benchi ukutani, mmoja kando ya mwenziwe, kwa onyo kwamba asiwepo wa kuinuka na kujichafua. Walikaa kimya wamenyooka kama sahani kabatini. Nesi hakutuzuia. Baadaye alikiri kwamba naye alishikwa na haya ya mgeni.

Yule mama akafika, mtu mwembamba wa suti ya kijivu, mwenye daftari. Tukamwimbia. Tukampa kiti chenye mto. Alipomwendea binti yangu na kumuuliza jina lake, binti yangu alifungua mdomo, akasimama katikati ya jibu kama kawaida yake, nami nikajibu kwa niaba yake. Akamuuliza miaka. Nikajibu. Akamuuliza anapenda kazi gani.

"Anapenda chai," nikasema. "Kupika, yaani. Anapika vizuri sana."

"Basi nitafurahi kuionja," akasema yule mama.

Chai ilikuwa tayari. Muuza samaki alikuwa ameipika tangu asubuhi na kuijaza kwenye chupa mbili, kwa kuwa hatukutaka mgeni angoje. Iliyobaki ilikuwa kumnawisha mikono, na kazi hiyo tulimwachia binti yangu. Aliinuka vizuri. Alichukua karai, akaliweka chini. Akachukua jagi la maji ya vuguvugu, akaja mbele ya mgeni, akapiga goti kama alivyofundishwa. Mgeni akanyoosha mikono. Binti yangu akasimama kama kawaida yake, angali amepiga goti, jagi limeinama kidogo, maji hayajatoka.

Niliona mikono ya yule mama imenyooka hewani, mitupu. Niliona shanga za maji ukingoni mwa jagi. Sijui ni muda gani ulipita, huenda ni wa kuhesabu hadi kumi. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nikainuka, nikampokonya binti yangu jagi, nikamsukuma kando kwa nyonga, nikamnawisha mgeni mwenyewe huku nikicheka na kuomba radhi. Binti yangu alirudi kwenye benchi. Alikaa akiwa bado ameshika mikono yake kana kwamba jagi limo ndani.

Mgeni alikula, akashukuru, akaondoka. Tulipongezana. Tuliona tumefanya jambo la maana.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, na Nesi alitusomea amesimama mlangoni. Ilisema vijana wetu wanatunzwa vizuri sana, kwa upendo ulio wazi. Ilisema pia kwamba hakuonekana hata mmoja aliye tayari kufanya kazi.

Nilimtukana yule mama wa shirika kwa lugha tatu. Nilisema ni mtu wa mjini asiyejua desturi, aliyekula kuku wetu akafuta mdomo na kutuandikia matusi. Niliendelea hivyo hadi yule muuza samaki akachoka nami. Alikuwa anamfunga mwanawe mgongoni, na hata hakugeuka.

"Wee dada, wacha kelele. Kwani ni yeye alimpokonya jagi?"

Nilitoka nje nikashika ukuta wa kanisa na kulia kwa hasira. Hasira yenyewe haikuwa ya mtu mwingine, ilikuwa yangu mimi. Miezi minne mtoto amehangaika na vipande ishirini na kimoja, na mimi mamake, niliyejua kila kipande, nilishindwa kungoja hesabu ya kumi. Kwa sababu ya mikono ya mgeni nilikuwa nimemuuza binti yangu, na bei yake ilikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe.

Ijumaa hiyo Nesi aliburuta benchi moja hadi nje, akaliweka chini ya upenu, likiwa limeelekea bomba la uani na kulipa dirisha mgongo.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akatuambia. "Hawa wetu wana miaka kumi, miaka ishirini, na bado ni wageni majumbani mwetu. Kuanzia leo akina mama mtakaa hapa. Atakayeingia bila kuitwa asirudi tena."

Kukaa kwenye lile benchi ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimelima, nimebeba mawe, nimezaa watoto wanne. Tulichambua mchele, tukafuma, tukamenya maharagwe, na masikio yote yalikuwa nyuma yetu. Sufuria ikianguka, mama tisa walishtuka pamoja. Siku moja nilimsikia binti yangu akipiga ukelele, nikanusa kibiriti na harufu ya kuungua. Niliruka. Nesi alikuwa ameshaujaza mlango kwa mwili wake.

"Ameungua!" nikamwambia. "Nipishe!"

"Ameungua kidole. Anajua maji yalipo."

"Uchungu wa mwana unaujua wewe?"

"Na mchelea mwana kulia, je, hulia nani?" akanijibu. "Kaa."

Nilimchukia siku hiyo, sitaficha. Lakini nilikaa, na baada ya muda nilisikia maji yakimwagwa kwenye bakuli, kisha mtu akipuliza kidole chake taratibu, fuu, fuu, kisha kibiriti kikiwashwa upya. Nilirudi kwenye mchele wangu bila kuona punje hata moja.

Oktoba ilipoanza nilivaa nguo ya kanisani nikaenda mjini kwenye ofisi ya shirika. Nilingoja asubuhi nzima. Yule mama wa suti ya kijivu alinikumbuka, akaniambia kwa upole kwamba orodha ya mwaka imefungwa, tujaribu tena mwaka ujao.

"Mwaka ujao hatakuwapo," nikasema, nikamweleza kuhusu Desemba na kuhusu yule binamu. Sikulia. Nilikuwa nimejikanya tangu nyumbani kwamba nikilia nitakuwa tena mama wa kuonewa huruma. "Siku ile hukumwona binti yangu. Uliniona mimi. Sikuombi nafasi. Nakuomba uje siku yoyote tunayokutana, bila kutuambia, utukute tulivyo. Na hatutakupikia kuku."

Alicheka kidogo kwa hilo la kuku. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Hakuahidi.

Oktoba ikaisha bila mtu. Novemba ikaanza, mvua za vuli zikaja, mume wangu akaanza kuulizia nafasi kwenye basi la kwenda nyumbani. Jioni moja nilimkuta ameteremsha sanduku kutoka juu ya kabati. Halikuwa lile letu la zamani, lilikuwa dogo, jipya, la rangi ya samawati. Alikuwa amelinunua ili binti yake asiende nyumbani na nguo kwenye mfuko wa karatasi. Nililitazama nikajua kwamba anampenda, na nikajua kwamba ataniondolea mtoto kwa upendo huohuo. Nikamwambia Desemba bado. Akasema iko karibu.

Ilikuwa Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, lakini bombani hapakuwa na tone. Ndiyo Nairobi hiyo. Tulikuwa kwenye benchi letu na sinia la maharagwe, na ndani ilikuwa zamu ya binti yangu ya chai, tulipomwona yule mama akiingia lango la kanisa, viatu mkononi, suti imekunjwa hadi magotini. Akina mama wote waliinuka. Nami niliinuka.

"Kaeni," Nesi akasema kutoka dirishani, hata hakupaza sauti. Tukakaa. Yule mama alitupita akitusalimia, akaingia, nikasikia kiti kikivutwa.

Mara binti yangu akatoka na sufuria. Alivaa aproni ya pazia, ina maua makubwa ya manjano. Alikwenda bombani, akatega sufuria, akafungua. Bomba likakohoa, halikutoa kitu. Akasimama.

Katika vipande vyote ishirini na kimoja hapakuwa na kipande cha bomba kukauka. Nesi hakukifundisha, na siku nyingine zote maji yakikosekana tulikuja nayo sisi kutoka nyumbani. Maji ya jerikeni letu la akiba yalikuwa yameisha Jumatatu kwa kupiga deki. Alikuwa hatua sita kutoka kwangu, mgongo wake kwangu, sufuria chini ya bomba kavu, na hakusogea. Niligeuza shingo, nikaona dirishani ubavu wa uso wa yule mama, anatazama. Nilijua la kumwambia. Lilikuwa neno moja tu, nilikuwa nalo ulimini kabisa. Muuza samaki alinishika mkono akaubana juu ya paja langu kwa nguvu za mtu anayechuna samaki kila siku. Nilihesabu kumi. Nilihesabu ishirini. Nilifika arobaini na tatu.

Binti yangu akafunga bomba. Aliweka sufuria juu ya jiwe ili isipate matope, akaanza kutembea. Alipita mbele ya benchi letu, mbele yangu, hakunitazama. Alikwenda hadi langoni kwenye kibanda cha fundi viatu, kijana ambaye sikujua hata kama wamewahi kusemezana.

"Sasa, siste," tukamsikia fundi. "Leo ni nini?"

Kimya. Kisha sauti ya binti yangu, nzito na ya polepole. "Maji. Bomba imekauka."

"Maji ya nini?"

Kimya tena, kirefu. "Nina mgeni."

"Ah, kama ni mgeni, beba hiyo jerikeni. Lakini urudishe, siste, usilale nayo."

Alirudi amelibeba jerikeni kwa mikono miwili, limemwinamisha upande mmoja, maji yakimwagikia maua ya aproni. Alijaza sufuria hadi kwenye mstari wa chini, akainama kuuangalia, akaongeza kidogo, akaingia ndani.

Yaliyobaki niliyapata kwa masikio. Kibiriti, mara mbili. Kifuniko. Kimya. Maziwa. Kimya. Baadaye nilisikia karai likiwekwa sakafuni, nikajua amepiga goti, na nikajua kwamba yule mama amenyoosha mikono yake. Kimya cha mara hiyo kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kisha maji yakaanza kuanguka ndani ya karai, taratibu, bila kukatika.

Chai ilipokwisha kunywewa, Nesi alinichungulia. "Wewe ingia. Peke yako."

Yule mama alikuwa na kikombe kitupu na ganda la kiazi kitamu mkononi. Nilimtegemea aseme nami, nami nilikuwa nimeshatayarisha maneno, lakini alimgeukia binti yangu, ambaye alikuwa amesimama kando ya stovu akijifuta mikono. Akamwambia kwamba kwenye jiko la karakana kumetokea nafasi moja, msichana wao mmoja ameolewa. Kazi ni kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Wiki mbili za kwanza Nesi atampeleka, baada ya hapo atakuja mwenyewe.

"Unataka?" akamuuliza.

Nilitazama sakafu. Nilitazama nyufa zake zote.

"Nataka," binti yangu akasema mwishowe.

Nilipotoka, muuza samaki alinikumbatia kwa mikono yenye harufu ya kazi yake, na mwanawe alikuwa amelala mgongoni kwake, mate yakimtoka. Yeye hakuwa na karakana ya kumpeleka mwanawe, na alikuwa akijua kwamba huenda asiipate kamwe. "Sisi bado tuko hapa," akaniambia, "na wewe usijifanye umemaliza shule." Sikujifanya. Nilikaa kwenye lile benchi miaka mingine mitatu, nikichambua mchele wa watoto wa wenzangu.

Jioni hiyo mume wangu alirudi kutoka kazini akiwa na tiketi ndani ya bahasha. Nilikuwa jikoni, na nilikuwa nimeapa kwamba sitasema neno. Alikaa kitini, akavua viatu. Binti yangu akaja akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Baba, siendi ushago kwa nyanya. Jumatatu naenda kazi."

Mume wangu alinyoosha shingo kunitafuta jikoni. "Mama, anasema nini huyu?"

"Muulize mwenyewe," nikamjibu.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asemeze ukuta. Kisha akamgeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumuuliza binti yake jambo na kutaka kujua jibu. "Kazi gani, mama?"

Binti yangu akasimama katikati ya jibu. Mume wangu alifungua mdomo, nikamwinulia mwiko kutoka mlangoni, akaufunga. Tukangoja wote wawili.

"Chai," akasema. "Ya watu wengi." Akafikiri tena, na kwa namna uso wake ulivyokunjamana niliona kwamba lililokuwa likija ndilo lililomsumbua mchana kutwa. "Mimi sitakuwa hapa mchana. Wewe ukitoka kazini uje nyumbani mbio. Mama hajazoea kukaa peke yake."

Nilishika fremu ya mlango. Miaka yote ile ya kigoda, mimi nikidhani ninamtunza, kumbe naye alikuwa zamuni.

Mume wangu aliiangalia bahasha iliyokuwa mkononi mwake, kisha akaniangalia mimi, kisha binti yake, aliyekuwa bado amesimama akingoja jibu.

"Sawa," akamwambia. "Nitakuja mbio."